Pumzi Ishirini

Fomu ya kuomba nafasi ya Muuguzi Mkuu ilikuwa na kurasa sita, na juu ya ukurasa wa kwanza iliandikwa kwa herufi nzito: fomu ambayo haikujazwa kikamilifu haitashughulikiwa. Nilisoma sentensi hiyo nikaridhika nayo. Kama ningepewa kuitunga fomu mimi, ningeanza hivyohivyo.

Nilikuwa na miaka hamsini na moja. Aliyeshika nafasi hiyo alikuwa anastaafu baada ya kuishika kwa miaka kumi na miwili, na yeyote ambaye angempokea asingeondoka kabla yangu. Maana yake ni kwamba ningeomba mara moja tu maishani, na mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Waombaji tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa na shahada mbili, mwingine alikuwa na ulimi mtamu. Mimi nilikuwa na takwimu.

Sehemu ya kwanza iliuliza kilichonisukuma kuingia katika kazi hii. Niliandika mistari minne kuhusu huruma na wito, nikaisoma, nikaifuta. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nililazwa siku tisa kwa homa ya matumbo. Kila baada ya saa nne muuguzi alikuja na kipimajoto, akaandika namba kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Nilikuwa siwezi kuketi, lakini niliweza kuivuta karatasi ile na kuona mstari unavyoshuka. Daktari aliniambia nimepona siku mbili baada ya karatasi kuniambia. Hiyo ndiyo niliyoiandika.

Malengo nayo hayakunipa taabu: kupeleka utaratibu wa wodi yangu kwenye wodi zote tisa za hospitali.

Utaratibu wenyewe ulikuwa chini ya kichwa cha mafanikio, na maombi yote yaliutegemea. Nilikuwa nimeongoza wodi ya wanaume, vitanda thelathini na viwili, kwa miaka kumi na mitatu. Mgonjwa hupimwa joto, mapigo ya moyo, presha na upumuaji kila baada ya saa nne, na kila kipimo kina kisanduku chake kwenye chati. Nilipoipokea wodi, visanduku vingi vilikuwa wazi. Mwaka wa sita nikaanzisha kalamu nyekundu. Kila Jumatatu asubuhi nilipita kitanda kwa kitanda, na kila kisanduku kilichoachwa wazi nilikizungushia duara. Mwisho wa mwezi nilijumlisha maduara, na kwenye makabidhiano ya zamu nikasoma jina la mwenye mengi kuliko wote. Sikumkaripia mtu. Nilisoma jina na idadi, basi. Katika miezi kumi na minne chati zilizojaa zilipanda kutoka asilimia sitini na moja hadi tisini na nane. Hospitali ilinipa cheti. Kiko kwenye fremu ofisini kwangu, kushoto mwa kalenda.

Fomu ilitaka ushahidi wa namna mbili: nakala za chati arobaini za kipindi hicho, na shahidi mmoja aliyefanya kazi chini yangu kwa miaka isiyopungua mitano. Nilianza na chati.

Karani wa kumbukumbu anafanya kazi kwenye chumba kisicho na dirisha, chini ya ngazi.

"Sista! Leo umetukumbuka sisi panya wa makaratasi?"

"Nahitaji chati arobaini za miaka sita na saba iliyopita."

"Arobaini tu? Ungeniambia nihamie huko kabisa na godoro langu." Alipotea katikati ya rafu, akarudi na maboksi matatu na vumbi hadi kwenye nyusi. "Ukishakuwa Mkuu usinisahau. Sitaki makubwa, nataka dirisha. Mimi hapa nikitaka kujua kama mvua inanyesha napiga simu nyumbani."

Nilimwahidi dirisha. Nilikuwa nimeshaanza kugawa fadhila za cheo.

Jumamosi mchana binti yangu alinisaidia kuingiza namba kwenye kompyuta. Anafanya kazi ofisi ya upimaji ardhi na vidole vyake ni vyepesi. Tulikaa kwenye meza ya kulia chakula, mimi nikisoma, yeye akipiga. Hatukuwa tumefika chati ya kumi aliponitangulia.

"Upumuaji," nilisema, "saa mbili asubuhi, ishirini. Saa sita, ishi..."

"Hiyo safu usiisome tena, Mama. Nimeshaijaza mpaka mwisho."

"Umeijazaje kabla sijaisoma?"

"Kwani si ishirini?"

Nikatazama. Ilikuwa ishirini mpaka mwisho.

Aliacha kupiga, akazivuta chati upande wake, akaanza kuzipekua moja baada ya nyingine, akifuata safu ya upumuaji kwa kucha.

"Hii wodi yako ilikuwa ya wagonjwa au ya saa za ukutani?" alisema. "Huyu ana homa ya thelathini na tisa, anapumua mara ishirini. Huyu katoka kupasuliwa, ishirini. Huyu..." Alirudisha kucha nyuma kisanduku kimoja. "Huyu mmeandika amefariki saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi alikuwa anapumua ishirini."

"Ishirini iko ndani ya kiwango cha mtu mzima."

"Sijakataa. Lakini kwetu ukileta vipimo kama hivi, mkuu wa kazi anajua hukushuka kwenye gari."

Yafuatayo ni ya kweli na nilimweleza yote. Joto lina kipimajoto, presha ina mashine, na mapigo ya moyo mashine hiyohiyo inayasoma. Upumuaji hauna kifaa kwenye wodi kama yetu. Muuguzi husimama, hutazama kifua kinavyopanda na kushuka, na kuhesabu kwa dakika nzima. Wagonjwa thelathini na wawili ni dakika thelathini na mbili, na zamu ilikuwa na wauguzi wawili, na mara nyingine mmoja. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote aandike ishirini. Niliwaambia wasiache wazi.

"Kwa hiyo ulijua?" aliuliza.

Nilitafuta jibu sahihi. "Sikutazama."

Katika chati zile arobaini kulikuwa na mwandiko mmoja usiofanana na mingine. Uliinama kushoto, na kwenye safu ya upumuaji uliandika kumi na nane, ishirini na tatu, kumi na saba, kumi na tisa. Penye mwandiko huo ndipo palipokuwa na visanduku vilivyo wazi, na maduara yangu mekundu. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na saba wakati ule, lakini hakuhitaji kuuliza.

"Huyu ni Mama Mdogo Dakika," alisema.

Dakika tulisoma naye chuo cha uuguzi, vitanda vyetu bwenini vikiwa vimepakana kwa miaka mitatu. Jina alipewa huko, kwa sababu akisema nipe dakika alimaanisha sekunde sitini, si tano wala mia. Saa yake aliibana kifuani kichwa chini, na alipohesabu hakumjibu mtu hata angeitwa na daktari. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendelea kushika kifundo cha mkono wa mgonjwa kana kwamba bado unahesabu mapigo, huku macho yakiwa kifuani, maana mtu akijua kwamba pumzi zake zinahesabiwa huzibadilisha bila kutaka. Baadaye nilipandishwa cheo yeye akabaki, na akafanya kazi chini yangu miaka saba. Wenzake walimcheka. "Msimsumbue Dakika, anasali," walisema. Alipokosa nafasi ya kupima aliacha kisanduku wazi na kuandika pembeni kwa nini. Jina lake nililisoma kwenye makabidhiano mara tisa.

Chati ya thelathini na moja ilikuwa ya kitanda cha saba. Niliitambua kabla ya kusoma jina. Alikuwa dereva wa lori mstaafu aliyevunjika paja, mcheshi, aliyewaambia wauguzi kwamba mguu wake umepasuka tairi tu, injini ni nzima. Alifariki siku ya tano kwa nimonia. Kamati ya hospitali inayochunguza vifo iliita chati yake. Ilikuwa imejaa, isipokuwa kisanduku kimoja cha saa mbili usiku kabla ya kifo, kwenye zamu ya Dakika. Pembeni alikuwa ameandika: sikupima, kitanda cha tatu anavuja damu. Mwenyekiti aliniuliza kama muuguzi wa zamu alimpima mgonjwa. Nilijibu kwamba hakumpima. Jibu langu lilikuwa sahihi, na lilitosha. Dakika alipewa barua ya onyo, nikaisaini kama mkuu wa wodi, na akahamishiwa stoo ya mashuka. Barua ya onyo ikikaa kwenye faili, mtu hapandi daraja. Yule wa kitanda cha tatu alipona, akatoka kwa miguu yake.

"Hii ishirini na sita ni nini?" binti yangu aliuliza.

"Wapi?"

"Hapa. Saa mbili asubuhi, siku hiyohiyo. Mwandiko wake. Halafu kaandika pembeni: arudiwe mapema, daktari aitwe. Saa sita mwingine kaandika ishirini, saa kumi ishirini. Duara lako liko hapa."

Nilivaa miwani. Ishirini na sita ilikuwepo, imeandikwa wazi, na mstari chini yake.

"Sikuiona," nilisema.

Alichukua rula. Sidhani alikusudia ukatili. Ni mazoea ya kazi yake. "Sentimita nne kutoka kwenye duara lako, Mama."

Jumatatu nilikwenda stoo ya mashuka. Iko nyuma ya jengo la kufulia, chumba kirefu chenye rafu hadi darini na joto la pasi. Katika miaka sita nilikuwa nimefika pale mara mbili, mara zote nikiwa na haraka. Nilikuwa nimeorodhesha wote waliokuwa chini yangu kwa miaka mitano au zaidi. Wawili walihamia hospitali nyingine, mmoja alifariki. Alibaki Dakika.

Alikuwa anahesabu mashuka kumi kumi. Aliinua kidole kimoja kuniambia ningoje, akamaliza, akaandika.

"Karibu, Sista."

Zamani aliniita mwenzangu.

"Habari za huku?"

"Huku kuzuri. Mashuka hayapumui, kwa hiyo hayanichoshi." Alicheka mwenyewe, akanivutia kiti. "Nimesikia unaomba ukubwa. Hata mashine za kufulia zimesikia."

Nilimpa fomu. Aliisoma yote, pamoja na maelezo madogo ya chini ambayo watu huyaruka. Alisoma kuhusu homa yangu ya matumbo, akatikisa kichwa. "Hii hukuwahi kuniambia. Miaka mitatu tumelala ubavu kwa ubavu, nikadhani ulifuata sare." Kisha akafika ukurasa wa shahidi. "Unataka niandike nini?"

"Unachokijua."

"Ninachokijua hakienei kwenye mistari mitatu."

Nilitoa chati ya thelathini na moja kwenye bahasha, nikaiweka juu ya mashuka. Aliitazama. Hakuigusa.

"Nilihesabu mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza nilipata ishirini na tano."

"Najua ulihesabu."

"Unajua leo au ulijua siku ile?"

"Leo. Siku ile sikuisoma chati. Nilitafuta mapengo tu."

"Nilimwambia aliyenipokea mchana. Nikamwambia, mwangalie yule mzee wa tairi. Nilipoingia tena jioni nikaona ishirini, ishirini. Nikajiambia ameshatulia, ngoja nimkimbilie huyu anayevuja damu." Alikunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Kisanduku cha mchana kingekuwa wazi, ningekimbilia kwake kwanza. Au ningepiga kelele aje mtu. Pengo linaonekana, Sista. Ndiyo kazi yake."

Niliomba radhi, kwa maneno machache, bila kueleza sababu.

"Radhi nilishakupa siku nyingi, nilichoka kuibeba," alisema. "Barua ndiyo imebaki kule kwenye faili, na mimi nastaafu mapema, baada ya miezi minne. Lete kalamu."

Aliandika mistari yake mitatu bila kusita: nilifanya kazi chini yake miaka saba. Hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kupokea kitu cha mgonjwa, hakuwahi kusema uongo niliousikia. Ni mtu anayefuata kilichoandikwa. Akasaini. Chini yake kulikuwa na kisanduku kimoja, ambamo shahidi alitakiwa kuweka alama ya vema kuthibitisha takwimu ya mwombaji, yaani ile tisini na nane. Alikipita, akanirudishia fomu.

"Umebakiza hapa," nilisema. Ulimi ulitangulia, ni miaka kumi na mitatu ya kusema maneno hayo.

Alinitazama juu ya miwani. "Hiyo sikuipima."

Nilibaki na fomu ile siku nne. Pengo lilikuwa na upana wa ncha ya kidole. Ijumaa saa nane nilipita kwa karani kurudisha maboksi, akaipekua fomu, maana hakuna karatasi inayopita mikononi mwake bila kupekuliwa.

"Sista, shahidi wako kasahau kuweka vema."

"Hakusahau."

"Basi weka wewe. Vema ni vema, haina mwandiko. Nani atajua?" Alinyoosha kalamu yake. "Wakiona wazi hawaendelei kusoma, hao nawajua. Nawe unajua nilivyo na shida ya dirisha."

Niliichukua kalamu. Nisiseme kwamba sikuichukua. Niliiweka juu ya karatasi, na nilijua kuwa vema ile ingepita, kwa sababu mimi mwenyewe ningeipitisha. Kwenye ukaguzi wowote nilioufanya, ningeitazama kisha ningegeuza ukurasa.

Nilirudi nyuma hadi ukurasa wa mafanikio, nikapiga mstari kwenye tisini na nane. Pembeni niliandika: chati zilijazwa, wagonjwa hawakupimwa kwa kiwango hicho, kiwango halisi hakijulikani. Nikasaini kwa ufupi. Kisanduku cha Dakika nilikiacha kama alivyokiacha. Karani aliyasoma kutoka upande wake, maandishi yakiwa juu chini, akashika kichwa.

"Umejichoma sindano mwenyewe," alisema.

Niliiwasilisha saa tisa na dakika kumi. Siku hiyohiyo niliandika barua nyingine kwa utawala, ukurasa mmoja: ishirini na sita iliandikwa saa ngapi, nani aliandika, kilichofuata ni nini, nilichoiambia kamati na nilichokiacha. Niliomba onyo liondolewe kwenye faili la muuguzi, na nikaambatisha nakala ya chati.

Fomu ilirudi baada ya siku kumi na mbili. Ilikuwa na muhuri wa neno moja, HAIJAKAMILIKA, na mtu wa ofisi ya utumishi alikuwa amepitia kila ukurasa kwa kalamu nyekundu. Maelezo yangu ya pembeni hayakuwa na alama yoyote. Sina ushahidi kwamba yalisomwa. Kisanduku kilichokuwa wazi kilikuwa kimezungushiwa duara.

Barua yangu ya pili ilijibiwa kwamba suala hilo lingeamuliwa na Muuguzi Mkuu mpya akishaanza kazi. Alianza kazi wiki mbili baada ya Dakika kustaafu. Ni yule mwenye shahada mbili, na ni mtu wa haki. Aliisoma chati, akaita kamati, na onyo likafutwa kwenye faili la mtu ambaye hakuwa tena kazini. Nilimpelekea nakala nyumbani. Alinipokea vizuri, akaisoma pamoja na tarehe, akaiweka chini ya redio. "Asante, mwenzangu," alisema, kisha akaniuliza kama mashuka bado yanahesabiwa kumi kumi.

Kalamu nyekundu siitumii tena. Siku ya kwanza niliwaambia wauguzi wangu kwamba kisichopimwa kiachwe wazi na sababu iandikwe. Mmoja aliuliza, "Sista, huu ni mtego?" na wengine wakacheka kwa tahadhari. Ilichukua wiki tano pengo la kwanza kuonekana. Mwezi wa tatu chati zilizojaa zilikuwa asilimia sabini na moja, na Mkuu mpya ameniandikia akitaka maelezo. Cheti bado kiko ukutani. Nimekitoa mara mbili nikakirudisha, kwa sababu ukuta una alama mahali kilipokuwa.

Leo asubuhi tulikuwa na upungufu wa watu, nikapima mwenyewe upande wa dirishani. Kitanda cha saba yuko fundi bomba aliyevunjika nyonga. Nilimshika kifundo cha mkono, nikayahamishia macho kifuani, nikaanza kuhesabu pumzi zake.

"Moyo unaendeleaje, Sista?" aliuliza.

"Nipe dakika," nilisema.

Nilihesabu sekunde zote sitini. Nilipata ishirini. Nikahesabu tena, nikapata ishirini. Niliiandika kwenye kisanduku chake, na kwenye karatasi ilifanana na zile nyingine zote.